Mawe Kumi na Tisa na Pia Iitwayo Dunia

Ukiifuata barabara inayotoka Lodwar kwenda ziwani, kabla ya kufika Kalokol utakuta kundi la mawe yaliyosimama wima. Ni nguzo za basalti, jiwe jeusi la volkano ambalo likipoa hupasuka lenyewe kuwa vipande virefu vyenye pande bapa kama penseli. Nyingine zimenyooka, nyingine zimeinama, na zote zimebanana mahali pamoja kama abiria waliochoka kungoja gari. Juu ya baadhi yake pana vikokoto vilivyowekwa na wapita njia. Waturkana wanaziita Namoratunga, watu wa mawe. Masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema kwamba walikuwa watu kwelikweli, wakicheza ngoma, pepo akaja kati yao, wakamdhihaki, naye akawageuza mawe hapo hapo walipokuwa.

Waturkana wenyewe hawadai kuyasimamisha. Walipoingia nchi hii kutoka magharibi, upande wa Karamoja, karne chache zilizopita, mawe waliyakuta tayari yamesimama. Aliyeyasimamisha, na kwa nini, ni swali ambalo limezungushwa kwa miaka hamsini hivi, na cha ajabu ni kwamba majibu yamekuwa yakitegemea elimu ya vitu vinavyozunguka: dunia, mwezi, nyota, hata sindano ya dira.

Mwaka 1978 mawe haya yalipata sifa ya ghafla. Jarida la Science la Marekani lilichapisha makala fupi ya B. M. Lynch na L. H. Robbins, watafiti wa akiolojia kutoka Chuo Kikuu cha Michigan State. Kichwa cha makala yao kilidai jambo kubwa: huu ulikuwa ushahidi wa kwanza kusini mwa Sahara wa watu wa kale kujenga kitu kwa kufuata nyota. Walihesabu nguzo 19. Walisema nguzo hizo, zikitazamwa mbili mbili, zinaelekea pale zilipochomoza nyota saba au makundi ya nyota: Kilimia, Aldebaran, Bellatrix, sehemu ya kati ya Orion, Saiph, Sirius, na lile kundi dogo la nyota tatu liitwalo Pembetatu. Wajenzi, walisema, walikuwa Wakushi wa Mashariki, mababu wa watu kama Waborana, na kazi hiyo waliifanya yapata mwaka 300 kabla ya Kristo.

Mwaka huo wa 300 haukutoka hewani. Kusini zaidi, karibu na Lokori, kuna makaburi yenye mawe yaliyosimamishwa kuyazunguka, nayo pia yanaitwa Namoratunga. Huko kipimo cha kaboni kilitoa umri wa karne ya nne kabla ya Kristo. Kwenye mawe ya Lokori kuna alama zilizochorwa zinazofanana na chapa za mifugo, na alama ya namna hiyo ilionekana pia Kalokol. Basi watafiti wakaunganisha sehemu mbili kwa uzi mmoja, na umri wa makaburi ukahamishiwa kwenye nguzo. Uzi huo ulikuwa mwembamba, na huko ndiko hadithi ilikokuja kukatikia.

Ili kulipima dai lao kwa haki, lazima kwanza mtu akae nje usiku huko Lodwar. Wakenya wengi wa zamani waliujua mji huu kama mahali pa mbali pa kufungia watu; Jomo Kenyatta aliwekwa hapa mwaka 1959 baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, akakaa hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Ni mji wa joto, vumbi na mbingu pana. Nao uko nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta, jambo ambalo lina maana kubwa kwa anayetazama nyota.

Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki. Mtu wa Lodwar, hata akiwa amelala kwenye mkeka, anabebwa mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Hasikii chochote kwa sababu hewa, ardhi, mbuzi na mkeka wenyewe vinakwenda pamoja naye. Kitu chochote kinachokwenda kwa mduara kinahitaji kuvutwa kuelekea katikati, la sivyo kingeshika njia iliyonyooka na kuondoka zake. Kinachomvuta mtu wa Lodwar ni uvutano wa dunia, na kazi hii inatumia sehemu ndogo sana ya uvutano huo, kama moja kwa mia tatu hivi. Lakini si bure. Gunia la unga la kilo 50 likitundikwa kwenye mizani ya springi karibu na ikweta litaonekana kupungua takriban gramu 170 kuliko ambavyo lingeonekana kama dunia ingesimama. Mwenye duka asilaumiwe kwa gramu hizo; zimechukuliwa na mzunguko.

Kwa kuwa Lodwar iko karibu na ikweta, mhimili wa dunia umelala karibu sambamba na ardhi yake. Nyota ya Ncha, ambayo mabaharia wa kaskazini huiona juu angani, hapa iko nyuzi tatu tu juu ya upeo wa macho, na kilima kidogo au vumbi la jioni latosha kuificha. Nyota nyingine hupanda karibu wima. London nyota huchomoza na kwenda mshazari, hivi kwamba baada ya saa moja iko mbali na mahali ilipoanzia. Turkana hupanda kama ndoo inayovutwa kutoka kisimani, na kwa muda mrefu hubaki juu ya kile kile kichaka au jiwe ilipotokea. Kwa hiyo wazo la kuweka jiwe kama alama ya nyota si la kipuuzi. Kama kuna mahali ambapo lingefaa, ni hapa.

Kuna jambo la pili ambalo yeyote aliyechunga usiku analijua bila kufundishwa. Nyota hazirudi kwa saa ya jua. Dunia humaliza mzunguko mmoja kwa kulinganishwa na nyota katika saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Zile dakika nne zinazosalia ni deni la safari ya kulizunguka jua: dunia ikiwa imesogea kidogo, lazima igeuke zaidi kidogo ndipo jua lirudi pale pale. Hivyo kila nyota huchomoza dakika nne mapema kuliko jana, saa mbili mapema kuliko mwezi uliopita, na mwaka ukiisha imepata mzunguko mmoja wa ziada. Ndiyo sababu nyota zinaweza kusoma majira. Wakulima wa Pwani ya Waswahili walilijua hili vizuri. Jina Kilimia lenyewe limetokana na kulima, na methali ya kale inafungamanisha kuzama na kuzuka kwake na mvua na jua.

Mwezi nao una mwendo wake. Huizunguka dunia ukilinganishwa na nyota kwa siku 27 na theluthi hivi, lakini kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, kwa sababu katika muda huo dunia nayo imetembea. Namba hizi mbili, 27 na 29 na nusu, ndizo mifupa ya kalenda ya Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Asmarom Legesse, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Eritrea, aliieleza kwa kina katika kitabu chake Gada cha mwaka 1973. Mwaka wao una miezi 12 ya mwandamo, jumla siku 354. Hawana wiki. Siku zina majina 27, na kwa kuwa mwezi una siku 29 au 30, majina huisha kabla ya mwezi kuisha na kuanza tena, hivi kwamba kila mwezi unaanza na jina jingine. Na mwezi gani ni mwezi gani hutambuliwa kwa kuangalia mwezi wa angani umesimama karibu na nyota ipi. Nyota hizo ni zile zile saba ambazo Lynch na Robbins walizitafuta kwenye mawe ya Kalokol.

Msomaji asidhani kalenda za namna hii ni mambo ya makumbusho. Kakuma, kilomita kama 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar, kuna kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, ilipopokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na tangu hapo imepokea Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Katika soko moja la Kakuma zinatembea kalenda kadhaa kwa pamoja. Msomali Mwislamu anafuata mwaka wa mwandamo wa siku 354, unaorudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Mwethiopia wa Kanisa la Orthodoksi ana mwaka wa miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja wa siku 5 au 6, na mwaka mpya wake unaanza Septemba. Miongoni mwa Waethiopia hao wamo Waoromo, ndugu wa lugha wa Waborana. Mwenyeji Mturkana anayeuza mkaa au mbuzi pembeni anahesabu akiporo, msimu wa mvua na majani, na akamu, msimu wa ukame. Na ofisi zinazogawa chakula zina kalenda yao ya ukutani. Zote zinahesabu mizunguko mitatu ile ile: wa dunia kujigeuza, wa mwezi kuizunguka dunia, na wa dunia kulizunguka jua. Tofauti zinatokea kwa sababu mizunguko hiyo haigawanyiki sawasawa; hakuna idadi kamili ya siku ndani ya mwezi wala ya miezi ndani ya mwaka, na kila jamii ilichagua ni salio lipi ililipe na lipi iliache.

Basi kalenda ni ya kweli. Swali lilikuwa ni kama mawe yale ni sehemu yake.

Mwaka 1982 Robert Soper, mwanaakiolojia aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa muda mrefu, alichapisha hoja zake katika jarida la Azania baada ya kuyapima mawe upya. Alichokikuta kinachekesha kidogo. Mawe yana sumaku. Basalti ina chembe za madini ya chuma, na lava ikipoa chembe hizo hulala kuelekea upande ambao usumaku wa dunia ulielekea siku hiyo, zikaganda hivyo. Radi ikipiga kwenye uwanda ulio wazi, huongeza sumaku nyingine juu ya ile ya kwanza. Sasa mtu akiweka dira juu ya nguzo kama hiyo ili asome mwelekeo wa nguzo nyingine, sindano inavutwa na jiwe lenyewe. Ni kama kupima mzigo huku umeweka mguu kwenye mizani. Vipimo vya awali ilibidi virekebishwe, na kosa la nyuzi chache tu latosha kuitoa nyota moja kwenye mstari na kuiingiza nyingine.

Mjadala haukufa hapo. Mwaka 1986 Laurance Doyle, mtaalamu wa falaki wa Marekani, aliyasoma upya maelezo ya kalenda ya Waborana na kuyafanyia hesabu. Pamoja na Thomas Wilcox alivichambua pia vipimo vilivyosahihishwa kwa njia ya takwimu, na hawakuona sababu ya kulitupa wazo la mawe kuwa ya nyota. Miaka miwili baadaye Marco Bassi, mwanaanthropolojia wa Italia, alichapisha ripoti ya awali kutoka kwa Waborana wenyewe. Kwao kuna wajuzi wa siku waitwao ayyaantu, ambao huutazama mwezi unapokuwa sambamba na nyota fulani na kukumbuka hesabu. Hutumia macho na kumbukumbu. Mtu anayejua kazi hiyo hahitaji nguzo ya jiwe, kama vile mama aliyezoea kupika hahitaji kikombe cha kupimia chumvi.

Kuna hesabu ndogo ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya kwenye daftari, nayo ingefaa ifanywe kabla ya kushangilia mstari wowote. Nguzo 19 zikioanishwa mbili mbili, kila moja na kila nyingine, zinatoa jozi 171. Kila jozi inaweza kutazamwa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo kuna mielekeo 342. Mduara mzima una nyuzi 360. Kwa maneno mengine, mawe 19 yakitupwa chini bila mpango wowote, yatakuwa na mwelekeo mmoja karibu kwa kila uzi mmoja wa upeo wa macho. Nyota saba zitakosaje wa kuzielekea? Hili halithibitishi kwamba wajenzi hawakutazama nyota. Linaonyesha tu kwamba mistari peke yake haiwezi kutoa ushahidi, na anayeitegemea itampasa alete kitu kingine.

Kitu hicho kingekuwa tarehe, na suala la tarehe linatutaka kwanza tuzungumzie pia, ile ya kuchezea watoto.

Mtoto aliyewahi kuchezea pia anajua kwamba inapozunguka kwa kasi haisimami tuli. Kichwa chake huchora duara polepole angani, huku mwili ukiendelea kujizungusha mbio. Dunia hufanya vivyo hivyo. Kujizungusha kwake kumeifanya ivimbe kiunoni: kipenyo cha ikweta kinazidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita kama 43. Mwezi na jua huuvuta uvimbe huo, vikitaka kuinyoosha dunia ambayo mhimili wake umeinama nyuzi 23 na kitu. Kitu kinachozunguka hakikubali kunyooshwa; badala ya kusimama wima, mhimili unasogea kando, na unaendelea kusogea, hadi unamaliza duara moja kwa miaka kama 26,000. Hipparkosi wa Ugiriki aliona dalili zake katika karne ya pili kabla ya Kristo kwa kulinganisha orodha za nyota za zamani na zake. Isaac Newton akaeleza sababu yake katika kitabu chake cha 1687.

Kwa mtazamaji wa Kalokol matokeo yake ni haya: mahali pa kuchomoza nyota hapadumu. Jua na mwezi hubaki ndani ya mipaka yao, lakini nyota huhama, uzi mmoja kwa kila miaka 72 kwenye njia ya jua. Leo Kilimia huchomoza nyuzi 24 hivi kaskazini ya mashariki. Mwaka 300 kabla ya Kristo kilichomoza kama nyuzi 15 kaskazini ya mashariki. Na miaka 4,500 iliyopita kilichomoza karibu kabisa na mashariki kamili, chini ya nyuzi 3 kando yake. Wakati huo hata Nyota ya Ncha haikuwa hii ya sasa. Nyota iliyokuwa karibu na ncha ni Thuban, katika kundi la Joka, ile ambayo Wamisri wa enzi ya piramidi waliiona.

Kwa hiyo mawe yaliyopangwa kwa anga la mwaka 300 yana maana kama yalisimamishwa mwaka 300. Yakiwa na umri mwingine, kulingana kwake na anga hilo ni bahati tu.

Umri mwingine ndio uliopatikana. Kuanzia miaka ya 2000, watafiti wakiongozwa na Elisabeth Hildebrand, pamoja na John Shea, Katherine Grillo na wenzao, walichimba na kupima sehemu za nguzo magharibi mwa Ziwa Turkana: Lothagam Kaskazini, Lothagam Magharibi, Manemanya na Kalokol. Walipochapisha matokeo ya kwanza mwaka 2011, nguzo hizo hazikuwa tena za karne ya nne kabla ya Kristo. Ni za kati ya miaka 4,000 na 5,000 na zaidi kidogo iliyopita. Zimeyatangulia makaburi ya Lokori kwa karibu miaka elfu mbili au zaidi. Uzi wa chapa za mifugo ukakatika. Mtu mwingine yeyote, karne yoyote, angeweza kuchora chapa kwenye jiwe alilolikuta limesimama.

Kilichopatikana Lothagam Kaskazini, na kutangazwa kwa kirefu mwaka 2018, ni kikubwa kuliko saa ya nyota. Watu walitengeneza jukwaa la duara lenye kipenyo cha mita 30 hivi, sawa na eneo la mita za mraba kama 700. Katikati yake walichimba shimo kubwa kwenye mchanga wa ufuo, na ndani yake, kwa karne kadhaa, wakazika watu wasiopungua 580. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, na juu ya kifusi wakasimamisha nguzo, nyingine zikiwa zimebebwa kutoka umbali wa kilomita moja. Kuzunguka hapo kuna duara nyingine ndogo za mawe. Waliozikwa walikuwa wanaume, wanawake, watoto na wazee, wamelazwa karibu karibu, na karibu kila mmoja ana pambo lake: shanga za gamba la yai la mbuni, meno ya kiboko, vito vya rangi za buluu na kijani. Mmoja wao alivalishwa pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wa jangwani. Hakuna kaburi la mfalme. Hakuna kona ya matajiri.

Watu hao walikuwa miongoni mwa wafugaji wa kwanza katika bonde hili. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walifika Turkana miaka kama 5,000 iliyopita, wakati mvua za enzi ya unyevu zilipokuwa zikipungua na ziwa likijikunyata, likiacha fukwe zake za zamani juu ya nchi kavu. Na kwa kejeli ya mambo, chanzo cha ukame huo kilikuwa ni ile ile pia. Kuyumba kwa mhimili wa dunia hubadilisha ni msimu gani dunia inakuwa karibu zaidi na jua, na hivyo hubadilisha nguvu za pepo za mvua juu ya Afrika ya Kaskazini na Mashariki. Jangwa la Sahara lilikuwa na maziwa na nyasi kwa sababu hiyo, kisha likakauka kwa sababu hiyo hiyo. Wajenzi wa Lothagam, wawe walitazama nyota au hawakutazama, waliishi ndani ya mzunguko huo na kuuonja kwa kukimbiwa na maji.

Vitabu vya watalii na video nyingi bado husimulia habari ya mwaka 1978 kama ilivyoandikwa siku ya kwanza: kituo cha falaki cha Wakushi, miaka 2,300, nguzo 19 zikiangalia nyota saba. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Watu waliochoka kuambiwa kwamba Afrika haikuwa na sayansi wanakumbatia jiwe lolote linalosema kinyume. Lakini Afrika haihitaji kuazima ushahidi dhaifu. Kalenda ya Waborana, yenye majina yake 27 na wajuzi wake wanaokumbuka bila kuandika, ni falaki kamili, na ipo hai. Na watu wa Lothagam, waliozika mamia ya wafu wao bila kumtukuza mmoja kuliko wengine, wana habari yao wenyewe ambayo haihitaji kupambwa kwa Sirius. Lynch na Robbins hawakudanganya mtu. Waliuliza swali zuri wakiwa na tarehe isiyo yake.

Kwa miaka mingi somo la mwendo wa mduara limefundishwa Kenya katika Kidato cha Nne, na mifano ya vitabuni ni ile ile: gari linalokata kona, jiwe lililofungwa kwenye uzi, ndoo ya maji inayozungushwa bila kumwagika. Ni mifano mizuri. Wanafunzi wa Lodwar na Kakuma wanayo mingine isiyohitaji maabara wala umeme: wakae nje jioni, wachague nyota moja juu ya mti mmoja, waandike saa iliyochomoza, kisha warudie baada ya wiki moja. Itakuwa imechomoza karibu nusu saa mapema. Waliokwisha kuona hilo kwa macho yao hawatasumbuka na zile dakika nne mtihani ukija.

Na anayesafiri kwenda Kalokol asimame kidogo kwenye mawe. Dira aiache garini. Akipita hapo Novemba, jua likizama magharibi, Kilimia kitakuwa kinachomoza upande wa ziwa, nyuzi 24 kaskazini ya mashariki. Siku nguzo hizo ziliposimamishwa kilichomoza karibu mashariki kamili.